Somo: Kuanza na fimbo za kutafutia maji

Usinunue seti. Vifaa hivi vinatengenezeka nyumbani, na cha bei kubwa hakina lolote ambalo cha bure hakina.

1. Panda. Kata tawi bichi la mpera lenye umbo la panda ya manati, ila mikono yake iwe mirefu, kama sentimita 40, na unene wa penseli. Ishike viganja vikitazama juu, uivute kwa nje mpaka ijikaze, ncha ikielekea mbele. Hapo imekuwa mtego uliotegwa: viganja vikigeuka kidogo tu, ncha inaruka.

2. Nyaya mbili. Anayeanza aanzie hapa. Nyoosha henga mbili za chuma, kata kila waya sentimita 60, kunja pembe mraba ubaki mpini wa sentimita 15. Mpini uingize kwenye ganda la kalamu ya wino ili waya uzunguke wenyewe. Viwiko viwe mbavuni, na ncha ziiname kidogo sana. Zikiinama mno hazigeuki; zikiinuka zinayumba ovyo. Tembea polepole, zitapishana tu.

3. Timazi. Nati na uzi wa sentimita 20. Egemeza kiwiko mezani, kisha fikiria duara bila kuzungusha mkono. Nati itazunguka! Mfaransa Chevreul aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1833: alipofungwa macho, timazi yake ilitulia. Mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter akaeleza kwamba wazo husogeza misuli bila mwenyewe kuhisi. Kwa hiyo mwendo ni wa kweli, na anayeusababisha ni wewe.

4. Jipime kabla hujamwonyesha mtu pa kuchimba. Hatua hii wengi huiruka. Panga ndoo kumi zenye vifuniko, moja tu iwe na maji. Anayepanga aondoke kabla hujaingia, maana uso wake utakuambia. Rudia mara ishirini, kila mara ndoo ya maji ihamishwe. Kwa kubahatisha tu utapata kama mbili. Huko Kassel, Ujerumani, mwaka 1990, watu 30 wanaotafuta maji kwa fimbo walijaribiwa kwa njia inayofanana na hii, na hawakuwazidi wanaobahatisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mzee wa kwetu ameonyesha visima vingi na vyote vina maji. Hilo unalielezaje?

Shikamoo yake mfikishie. Sehemu nyingi maji yapo chini ukichimba vya kutosha, kwa hiyo muulize kina, na kisima kinatoa lita ngapi kwa saa wakati wa kiangazi. Tena mzee anaijua ardhi yake: anaona mikuyu, anaona bonde. Macho hayo ndiyo ya kujifunza kwake. Ila kwenye miamba ya graniti, kama sehemu nyingi za Dodoma, maji hukaa kwenye nyufa, na ukikosea mita chache unatoboa mwamba mkavu. Huko mwite mtaalamu mwenye kipimo kinachopitisha umeme ardhini.

Nyaya zinaweza kunijulisha kama maji ni ya chumvi?

Hapana, wala madini ya floridi yanayoharibu meno ya watoto kule Arusha. Peleka sampuli maabara.

Mkuu, niko Kenya, nikishapata alama nichimbe tu?

Kisima cha mashine kinahitaji ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji. Walio Tanzania waanzie bodi ya maji ya bonde lao.

Hii si ramli?

Muulize shehe au mchungaji wako. Mimi ni wa henga na nati.

Kuna jamaa anauza kifaa chenye antena, anasema kinanusa maji na dhahabu.

Mwambie akifungue. James McCormick alifungwa miaka 10 Uingereza mwaka 2013 kwa kuuza antena za aina hiyo kama vitambua mabomu, na Iraki ilizinunua kwa wingi. Ndani hazikuwa na kitu. Akikataa kukifungua, mwachie nacho.