Ule mvuke wa drili kwenye kliniki ya meno: namna ya kuudhibiti

Wadau wenye kliniki ndogo za meno hapa Dar, hasa nyie mliopanga fremu mkagawa vyumba kwa alminiamu, naomba tuongelee hewa. Glovu tunavaa, kiti tunafuta, vifaa vinachemshwa vizuri, ila hewa ya chumba tunaisahau kabisa na mnaoivuta kutwa nzima ni nyie na manesi wenu.

Iko hivi, handipisi ya spidi kubwa, yaani ile drili ya meno, ncha yake inazunguka kama mara laki 2 mpaka laki 4 kwa dakika huku inamwaga maji jino lisipate moto, skela ya kutoa ugaga nayo inatetemeka na maji yake, alafu ile sirinji ya kiti ya kusuuzia mdomo ukibonyeza hewa na maji kwa pamoja ndo inapuliza kabisa. Maji hayo yanatawanyika hewani kama matone, ndo mvuke ninaousema, na yanabeba mate, damu na vijidudu vya mdomoni. Matone makubwa, yale yanayozidi maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yanadondoka fasta kwenye kifua cha mgonjwa, miwani yako na trei. Madogo yanaelea, yanaweza kukaa hewani nusu saa na zaidi, na yaliyo chini ya maikroni 5 yanafika ndani kabisa ya mapafu.

Anzia mapokezi. Muulize mgonjwa ana kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, amepungua uzito? Tanzania TB bado ni mzigo mkubwa na inaenea kwa hewa, kwa hiyo huyo mpe barakoa, mtulize maumivu kwa dawa, kazi ya kusafisha meno isubiri, umwelekeze akapime, kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Usimfukuze wala kumuuliza mbele ya watu, mpeleke pembeni uongee naye kwa heshima.

Akishakaa kwenye kiti asukutue na klorheksidini, dawa ya kusukutua mdomo, ya asilimia 0.12 au 0.2 kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Inapunguza bakteria mdomoni, haiwamalizi.

Sasa sakshen, yaani mrija wa kunyonya, na hapa ndo nakazia. Ule mrija mwembamba unaoning'inia mdomoni ni wa kutoa mate tu, hauwezi kukamata mvuke. Unahitaji mrija mpana, tundu la milimita 8 au zaidi, wenye mvuto mkubwa, nesi aushike sentimita moja na nusu hivi kutoka ncha ya drili na asogee nayo popote inapoenda. Ukishikwa hivyo unaweza kupunguza mvuke kwa asilimia 90 hivi. Ndo maana kufanya skelingi (kutoa ugaga) peke yako bila msaidizi sio kubana matumizi, ni kujiumiza. Kama unaziba jino au unatibu mzizi weka raba damu, kile kipande cha raba kinachotenga jino na mdomo, kinachoruka kinakuwa maji ya drili zaidi kuliko mate.

Alafu AC. Jamani AC ya ukutani haileti hewa mpya! Inachukua hewa ileile ya chumbani inaipoza inawarudishia, umefunga madirisha sababu ya joto la Februari na vumbi la barabarani basi mvuke wa mgonjwa wa saa 3 asubuhi unamsubiri wa saa 3 na nusu. Weka feni ya kutoa hewa nje kwenye ukuta wa upande wa kichwa cha mgonjwa, hewa safi iingilie upande wa pili, yaani ipite kwenu kwanza ndo imfikie mgonjwa itoke. Isitokee kwenye korido wanapokaa wanaosubiri. Feni ya dari inakoroga tu, izime ukiwa unadrili.

Kuhusu muda wa kusubiri, chumba ambacho hewa yake inabadilika yote mara 6 kwa saa kinahitaji dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizoelea, ikiwa mara 12 ni dakika 23. Kwa hiyo feni nzuri inakurudishia hela yake, na kazi za mvuke mwingi zipange mwisho wa siku. Nesi asikimbilie kufagia na kufuta mgonjwa akitoka tu, aache hewa itoke kwanza akiwa bado na barakoa. Barakoa ya kawaida inazuia marasharasha ila pembeni inavuja, kwa kazi ya drili vaa N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, iliyobana usoni pamoja na ngao ya uso.

Damu ikimwagika tumia klorini ya asilimia 0.5, kwa Jik ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa maji vipimo 6, usimwagie chuma itakula.

Mipira ya maji ya kiti nayo inaota utando wa bakteria ndani, na ndo maji unayorusha hewani, kwa hiyo baada ya kila mgonjwa achia maji na hewa sekunde 20 mpaka 30. Handipisi iingie otokilevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto wenye presha, kila baada ya mgonjwa, kuifuta kwa spiriti haitoshi maana inanyonya uchafu kwa ndani, kama unazo 2 tu nunua nyingine kabla hujabadilisha kochi la mapokezi.