Usilikague gari likiwa limeshapata moto

Gari langu la kwanza nilikuta muuzaji ameshaliwasha, na hapo ndipo nilipoumia. Aliniambia nije saa 4 asubuhi. Nikakuta injini inanguruma vizuri uani kwake, nikazunguka nalo mtaa mmoja wa tambarare, nikahesabu hela. Wiki ya pili, nikiwa na magunia mawili ya dagaa kutoka Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, likachemsha napanda kilima cha Bugando. Fundi alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza, akaniwekea kiganjani: ute mzito wa kahawia iliyopauka, kama chai ya maziwa iliyoganda. Maji na oili vilikuwa vimekutana. Gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili ndani ya injini, ilishakufa siku nyingi, na injini iliyokwisha kupata moto ilinificha hilo.

Siku hizi naendesha Toyota Passo ya mwaka 2006, injini ya 1KR, cc 996, pistoni tatu. Nimewasaidia pia wadogo zangu na wenzangu wa Mwaloni kununua za kwao. Nafanya hivi.

Namwambia muuzaji asiliguse gari mpaka nifike, na nafika saa 12 asubuhi. Kabla ya salamu kuisha nimeshaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, naaga na kuomba siku nyingine. Wapo wanaokasirika, na mimi nawaacha wakasirike.

Boneti ikiwa baridi, nafungua mfuniko wa rejeta. Huu haufunguliwi injini ikiwa ya moto hata siku moja, maji yatakurukia usoni. Ndani nataka kuona kulanti safi, yaani maji maalumu ya kupoza injini, ya pinki, nyekundu au kijani. Maji ya rangi ya kutu yananiambia mwenye gari alikuwa anajazia ya bomba tu. Nikiona mafuta yanaelea, sina haja ya kuendelea. Kisha mfuniko wa oili, naugeuza kama fundi yule alivyonifundisha, halafu kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi siyo kosa kubwa. Oili iliyo chini kabisa ya alama ni kosa, kwa sababu Passo haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni inaishi kwa oili. Aliyeisahau oili ameshaanza kuimaliza cheni.

Ndipo naomba liwashwe, mimi nikiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu. Ukiendelea kila ukikanyaga mafuta, injini inakula oili na pengine ringi za pistoni zimechoka. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, mradi mvuke huo ukatike injini ikishapata moto. Injini ya pistoni tatu hutikisika kidogo kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, usiogope hilo. Ila ukiweka gia ya D, ya kwenda mbele, huku umekanyaga breki na dashibodi nzima ikatetemeka, uliza mauntini (raba zinazoshikilia injini), plagi na koili. Gia nayo iingie mara moja: ukihesabu moja, mbili, tatu ndipo gari linashtuka kwa kishindo, giaboksi ina maneno.

Sasa angalia dashibodi. Passo haina mshale wa joto, ina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, na inatakiwa izime baada ya dakika chache za kuendesha. Nikiona tumeshatembea vya kutosha na bado inawaka, nauliza thamostati iko wapi, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa huku gari likichemsha wanaing'oa na kuitupa, eti haifai nchi za joto. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa uliolichemsha gari unabaki palepale. Basi taa ile ndogo huniambia kwamba huenda gari hili liliwahi kuchemsha, hata muuzaji akiapa.

Barabara ya kujaribia ni mlima, na Mwanza milima haikosekani. Mimi napenda Bugando kwa sababu zangu. Panda na AC ikiwa imewashwa, ukifika juu simama, liache likiwa linawaka dakika kumi, sikiliza feni ikiingia na kutoka.

Kilomita za kwenye dashibodi sizisomi peke yake. Kuna Passo moja Nyakato ilisoma 87,000, lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja. Nikafungua mlango wa dereva, kwenye nguzo nikakuta stika ndogo ya gereji ya Japan, ile wanayobandika wakibadilisha oili. Kijapani sikijui, ila tarakimu nazijua: 112,400. Nikamwonyesha dalali kwa kidole. Hakusema kitu, nikaondoka.

Inama pia chini. Watu wanalaumu ziwa kwa kutu, lakini Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Kutu nyingi inayokula chesisi ilikuja na gari melini, kutoka sehemu za Japan zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Gonga pembeni chini ya milango kwa kidole, sauti ya bati bovu utaijua. Na vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukiwa na mstari wa tope, gari hilo liliwahi kuingia maji, pengine hapahapa mto Mirongo ulipofurika.

Kadi, namba ya chesisi na madeni ya faini vikague kabla ya kutoa hata shilingi.

Passo yangu niliilipia milioni 7 na laki 8. Mwenye nayo alikuwa na kidaftari cha sevisi alichokiandika kwa mkono, oili kila kilomita 5,000. Thamostati haikuwepo, akasema ukweli bila kuzungushana, akanipunguzia, nikaweka mpya wiki hiyohiyo pamoja na kulanti. Sasa asubuhi nikitoka Pasiansi, taa ya buluu inazima kabla sijafika Kirumba.