Kupima maji ya tangini dhidi ya maji ya kompyuta

Mwanafunzi akiniletea picha mbili, moja ya tangi na moja ya OpenFOAM, programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji, akasema "zinafanana," namrudisha maabara. Zinafanana kwa kiasi gani?

Chukua jaribio la bwawa kubomoka: tangi la kioo, lango, na nyuma yake maji ya kimo cha sentimita 20. Yatie rangi ya chakula. Nyuma ya tangi bandika karatasi nyeupe na uimulike kutokea nyuma. Taa ya mbele huleta mng'ao kwenye kioo, na programu ya kuchambua picha huudhania hewa. Simu ikae kwenye stendi, usawa wa sakafu ya tangi, na rula ibandikwe kwenye kioo cha mbele.

Rekodi fremu 240 kwa sekunde. Kwa hesabu ya Ritter ya mwaka 1892 ya bwawa kubomoka, isiyotia msuguano, ncha ya maji haya ingekimbia mita 2.8 kwa sekunde, yaani zaidi ya sentimita moja kila fremu. Msuguano huipunguza, lakini video ya kawaida ya fremu 30 usijisumbue nayo.

Saa ianze lango linapoachana na sakafu. Kwa kimo hiki liwe limeshatoka ndani ya sekunde 0.2, likichelewa, uigaji nao uwekewe lango linalopanda.

Kwenye ImageJ, programu ya kuchambua picha, geuza fremu ziwe za kijivu, ondoa picha ya tangi tupu, kisha weka kizingiti, yaani kiwango cha mwangaza kinachotenga maji na hewa: maji meusi, hewa nyeupe. Picha za uigaji nazo zitoe kwa ukubwa uleule wa pikseli, uzipitishe hatua zilezile. Kipimo kikipendelea upande, kipendelee pande zote mbili.

Halafu gawanya eneo ambalo maji yote mawili yamelalia kwa eneo lote yaliyolifunika kwa pamoja. Alama hii ina ujanja wake: mwanzoni maji mengi bado yamesimama nyuma, kwa hiyo inatoka nzuri hata ncha ikiwa imekosewa vibaya. Ncha mimi huipima peke yake, fremu kwa fremu.

Mwisho, pandisha na ushushe kizingiti ngazi kumi kati ya 255 za mwangaza. Ncha ikihama milimita tatu, basi tofauti ya milimita mbili kati ya tangi na kompyuta isikufanye uguse modeli.