Kusajili gari la kujiundia Uingereza: anza na namba ya chesisi, spana baadaye

Salaam wadau. Wengi mlio Uingereza mmekuwa mkiulizia magari yanayouzwa vipandevipande ukajiundia mwenyewe gereji: Caterham, Westfield na jamaa zao. Kuunda kunafundishika. Kinachowaangusha watu ni makaratasi, na makaratasi huharibika mapema, siku ile unaponunua vipande bila kufikiria DVLA (mamlaka ya kusajili magari Uingereza) watakuja kuuliza nini.

Kwa faida ya wageni: mtindo huu ulishamiri kwa sababu ya kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa. Lotus Seven ya mwaka 1957 ilipendwa hivyohivyo. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunda, basi Lotus wakampa maelekezo ya kubomoa, ayasome kuanzia mwisho. VAT ilipoingia 1973 ule mwanya ukazibwa, na mwaka huohuo Caterham wakachukua haki za Seven. Mpaka leo wanaiuza, nzima au kwa vipande.

Hatua ya 1: Amua gari lako litahesabiwa kuwa lipi

Hii ndiyo hatua kuu. Kuna njia nne.

Vipande vyote vikiwa vipya kutoka kwa mtengenezaji, unapewa namba ya usajili ya mwaka wa sasa. Kipande kimoja kilichokarabatiwa kinaruhusiwa, mradi uthibitishe kimerudishwa kwenye kiwango cha kipya.

Ukitumia chesisi mpya ya mtengenezaji wa magari haya, pamoja na sehemu kuu mbili za gari moja la zamani, unapewa namba ya usajili inayolingana na umri wa gari hilo la zamani. Sehemu kuu ni injini, giaboksi, ekseli, mfumo wa usukani na suspensheni. Angalia neno “moja”: injini ya Ford Sierra na giaboksi ya Mazda MX-5 hazihesabiki pamoja.

Ukibakiza chesisi ya asili bila kuigusa, na sehemu kuu mbili nyingine, ukabadilisha bodi tu, namba ya usajili ya zamani inabaki.

Ukishindwa kuthibitisha vipande vilitoka wapi, unapewa namba ya usajili inayoanza na Q. Q si kosa, gari litatembea kihalali. Lakini huwezi kuifunika kwa namba binafsi ya kununua, baadhi ya kampuni za bima hukunja uso, na ukitaka kuuza bei inashuka. Mimi nisingeikubali kama ninaweza kuiepuka kwa kutunza risiti tu.

Masharti hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ukurasa wa DVLA kabla ya kulipa hata senti.

Hatua ya 2: Kagua gari la kuchinjwa (gari la zamani unalotoa vipande)

Dai V5C, yaani kadi ya gari, na linganisha namba ya chesisi iliyoandikwa humo na iliyogongwa kwenye bodi. Lipia ukaguzi wa historia: kama gari lina mkopo haujaisha, linaweza kuwa bado mali ya mkopeshaji, hata ukishalikata. Usitupe V5C hiyo baada ya kulichinja. Ndiyo ushahidi wa umri.

Hatua ya 3: Risiti na picha

Kila kitu, hadi boliti. Risiti iwe na jina la muuzaji, tarehe na namba ya kipande. Piga picha kazi inavyoendelea, wewe mwenyewe ukionekana na mikono imejaa grisi, maana utatakiwa kuthibitisha kuwa gari limeundwa na mtu binafsi kwa matumizi yake.

Hatua ya 4: Namba ya chesisi (VIN)

Namba hii ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: S ikifuatwa na A hadi M ni Uingereza, J ni Japani. Nafasi ya tatu ikiwa 9, huyo ni mtengenezaji mdogo.

Nafasi ya tisa inawachanganya wengi. Amerika ya Kaskazini ni tarakimu ya kuhakiki: kila herufi hugeuzwa tarakimu, huzidishwa kwa uzito wa nafasi yake, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo huandikwa pale (ikiwa 10 huandikwa X). Ulaya hawalazimishi. Kwa hiyo ukiingiza namba ya gari la Uingereza kwenye tovuti ya Marekani ikakwambia ni batili, usiite polisi.

Chesisi mpya kwa kawaida huja na namba ya mtengenezaji. Kama haina, usijitungie: omba DVLA wakupe, ndipo uigonge. Igongwe kwenye chuma cha chesisi chenyewe, isomeke bila kufungua kitu. Kibati cha ripiti peke yake hakitoshi.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa IVA (ukaguzi wa gari mojamoja kabla ya kusajiliwa)

Unafanywa na DVSA, wakala wa serikali wa kukagua magari. Unaruhusiwa kuliendesha gari ambalo halijasajiliwa kwenda kwenye miadi ya ukaguzi, mradi lina bima iliyokatwa kwa namba ya chesisi. Wengi hufelishwa na vitu vidogo: ncha kali za nje (mviringo usipungue milimita 2.5), vioo vya pembeni, na usukani usiorudi wenyewe baada ya kona.

Hatua ya 6: Peleka DVLA

Cheti cha IVA, fomu V55/4 kwa gari jipya au V55/5 kwa lenye sehemu zilizotumika, ripoti ya V627/1 (fomu ya maelezo ya gari la kujiundia), risiti, V5C ya gari lililochinjwa, na ada ya usajili pauni 55. Baki na nakala ya kila karatasi.

MASWALI YA WADAU

Mzee wa Spana: Kaka, nimenunua gari limeshaundwa nusu, muuzaji hana risiti hata moja. Nifanyeje?

Mrudie muuzaji leo, kesho atabadilisha simu. Akikuandikia barua yenye maelezo ya gari alilolichinja, inasaidia kuanza kutafuta. Ukikosa, jiandae kwa Q.

Binti Makorora: Si rahisi tu nivishe namba za gari lililochinjwa?

Hapana dada. Hapo unatembea na utambulisho wa gari jingine. Ndivyo wezi wanavyofanya na magari ya wizi, na polisi watakuchukulia hivyohivyo.

Dereva wa Usiku: Injini yangu imetoka kwenye Toyota ya Japani, namba ya chesisi ya gari hilo ni fupi, herufi chache, kistari, halafu tarakimu. Ni feki?

Si feki. Magari ya soko la ndani la Japani hayatumii namba ya 17. Hata yale yanayoshuka Mombasa na Dar yako hivyo. Iandike kama ilivyo, usiongeze sifuri.

Shem wa Leicester: Nikimpa fundi aniundie yote?

Akikuundia yote kwa malipo, tamko la kujiundia litakuwa la uongo. Fundi akusaidie kazi moja moja, kama kuchomelea au waya.

Kijana wa Likoni: Naweza kulishusha Kenya baadaye?

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu usajili wa kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Gari lililopewa umri wa MX-5 ya mwaka 1995 halipiti. La Q umri wake haujulikani, kwa hiyo huna cha kuwaonyesha. Kama nia ni kulirudisha nyumbani, nunua vipande vipya vyote na ulisafirishe mapema.