Upatu wa vitabu kwa wakubwa, vijitabu vya kushona kwa watoto

Mama mmoja wa Tabata alitaka kuanzisha klabu ya vitabu na majirani zake, lakini karibu wote wana watoto wadogo na hawana pa kuwaacha. Nilikaa naye tukapanga. Wakubwa wawe na vitabu vyao, watoto wawe na vyao, siku iwe moja na mkeka uwe mmoja. Ameniomba nimwandikie hatua zenyewe, nami naona zitawafaa na wengine.

Hatua ya 1: Nunueni kwa upatu

Aliyewahi kucheza mchezo wa fedha hahitaji maelezo marefu. Mkiwa watu 9, kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila mwezi na fedha hizo zinanunua nakala 3 za kitabu kimoja. Kila nakala inakaa kwa mtu siku 10 kisha inasogea, hivyo mwezi ukiisha wote mmesoma. Baada ya hapo nakala zinakuwa mali ya watatu wenye zamu. Miezi mitatu ikipita, kila nyumba ina kitabu kilichobaki, na watoto wakikua watakikuta kabatini.

Msitumiane PDF ya riwaya iliyopigwa skani kwenye kundi la WhatsApp. Hapo sina mjadala. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini hata isingekuwepo ningesema hivihivi: wanunuzi wa riwaya za Kiswahili ni wachache, na nakala 3 zinazonunuliwa na klabu yenu mwandishi anazihisi. Kupokezana nakala mliyoilipia ni jambo moja, kuzalisha nyingine bure ni jambo jingine.

Hatua ya 2: Daftari

Jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Daftari la karatasi, likae kwa mtu mmoja. Ujumbe wa kwenye simu unamezwa na salamu za asubuhi.

Hatua ya 3: Tafuta hadithi za watoto zinazoruhusiwa kunakiliwa

Kwa watoto ni tofauti, maana zipo hadithi ambazo wenyewe wameziachia zinakiliwe. Mimi natumia African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili na unazipakua bila malipo. Angalia leseni mwishoni mwa hadithi. Ukiona CC BY, alama ya leseni huria za Creative Commons, unaweza kuchapa, kugawa na hata kurekebisha, mradi uache majina ya mwandishi na mchoraji na useme umebadilisha nini. Ikiongezwa NC, usiuze.

Soma hadithi nzima kwa sauti kabla ya kuichapa. Nyingine zimetafsiriwa na Kiswahili chake kinakwama mdomoni, na mtoto atakwama palepale. Halafu chukua ngazi ya usomaji iliyo moja chini ya ile unayodhani inamfaa mwanao. Mtoto anayemaliza kitabu peke yake ataomba kingine.

Hatua ya 4: Kuprinti kijitabu

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa, kwa hiyo tuende taratibu.

Kijitabu cha A5 kinatokana na karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, na kila karatasi inabeba kurasa 4. Kwa hiyo kurasa hazipangwi kwa mfuatano. PDF ya kurasa 16, jalada likiwemo, inatumia karatasi 4: ya kwanza upande mmoja ina ukurasa wa 16 na wa 1, na nyuma yake wa 2 na wa 15. Ukitaka kuhakiki, jumlisha namba za kurasa mbili zilizo upande mmoja. Lazima upate 17 kila mara.

Kazi ya kupanga mwachie Acrobat Reader, ni ya bure. Fungua PDF, nenda kuprinti, bonyeza Booklet, chagua Both sides, na Binding iwe Left. Kama printa inachapa pande mbili yenyewe, kwenye mipangilio yake chagua igeuze karatasi kwa ukingo mfupi, yaani Flip on short edge. Ukiacha ukingo mrefu, kila upande wa nyuma utatoka kichwa chini, miguu juu. Ukienda steshenari, mwambie kijana neno hilohilo, "ukingo mfupi", na usimame hapo mpaka karatasi ya kwanza itoke na uikunje mbele yake.

Printa ya upande mmoja nayo inafaa. Chapa Front side only, rudisha karatasi, chapa Back side only. Tatizo ni kwamba kila printa inameza na kutema karatasi kwa namna yake. Weka alama ya penseli kwenye kona ya juu uone inatokea wapi. Jaribu kwa PDF ya kurasa 8, si ya kurasa 4, kwa sababu karatasi moja itakuonyesha kama nyuma imepinduka lakini haitakuonyesha kama mpangilio wa karatasi umegeuka. Ukishajua, andika kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye printa.

Kuna hadithi ambazo kurasa zake zimelala, yaani upana unazidi urefu. Ukizilazimisha kwenye Booklet, picha zinakuwa ndogo na nusu ya karatasi inabaki tupu. Hizo weka kurasa mbili kwa A4 iliyosimama, moja juu ya nyingine, kisha kata katikati. Chapa upande mmoja tu. Ukichapa pande mbili kwa mpango huo, mgongoni mwa ukurasa wa 1 utakuta wa 3.

Hatua ya 5: Shona

Stepla ya kawaida haifiki katikati, na pini zinashika kutu. Tumia sindano na uzi uliokunjwa mara mbili. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingia la katikati kutokea ndani, rudi ndani kwa la juu, pitia ndani hadi la chini na utokee nje, kisha rudi ndani kwa la katikati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu wa ndani. Jalada la manila liwekwe kabla ya kutoboa. Kurasa zilizolala, shona ukingo wa kushoto.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Watoto waanze. Mmoja asome kijitabu chake kwa sauti, wakubwa wasikilize bila kumsahihisha kila neno, kisha vijitabu vyote vitiwe kapuni na kila mtoto achague cha kwenda nacho nyumbani. Mchague mtoto mmoja mkubwa awe na daftari lao. Baada ya hapo wakubwa waendelee na riwaya yao, na anayetaka kukaa kusikiliza akae.