Jinsi ya kuipenda Lubumbashi kwa likizo ya siku nne

Lubumbashi, mji wa kusini mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, haipendwi kupitia kioo cha gari. Anayezungushwa kwa teksi kutoka hoteli hadi hoteli huondoka akisimulia vumbi tu. Tenga siku nne, na kila asubuhi utembee kwa miguu kabla jua halijakaza.

Chagua majira kwanza. Juni na Julai ni kiangazi chenye baridi: mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku jotoridi laweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo sweta ni lazima. Mwisho wa Septemba joto linapanda na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya viatu, lakini mijakaranda imechanua na barabara za katikati ya mji zimetandikwa maua ya zambarau. Ukiweza kuchagua, njoo wakati huo. Ukija kwa ndege kupitia Kinshasa, kumbuka kwamba Lubumbashi iko saa moja mbele. Wengi hukosea hapo siku ya kurudi.

Dola zinapokelewa, ila noti iwe safi. Hata mchaniko mdogo pembeni unatosha kuifanya ikataliwe, kwa sababu anayeipokea anajua na yeye atakataliwa. Badilisha kiasi upate faranga ndogondogo za nauli na za soko.

Siku ya kwanza anzia Place de la Poste, upite Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kisha uingie Makumbusho ya Taifa. Usiharakishe penye misalaba ya shaba. Mafundi wa Katanga waliiyeyusha na kuimimina karne nyingi kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910, na watu waliitumia kama pesa. Ukishaiona, ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, vitakuwa na maana nyingine machoni pako. Vitazame tu. Usipige picha viwanda, reli, uwanja wa ndege wala askari. Simu yako inaweza kuchukuliwa.

Kwenye basi ndogo, uliza abiria wenzako nauli kabla ya kupanda. Magari hupita upande wa kulia wa barabara, lakini mengi yana usukani kulia, na mlango wa abiria hufungukia upande wa magari yanayopita. Tazama nyuma kabla ya kushusha mguu. Na salamu itangulie swali: "Jambo mama," "Jambo papa," na kwa aliyekuzidi umri kidogo, "yaya," yaani kaka au dada mkubwa.

Jioni ni ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Fika kabla njaa haijakubana, maana nyama nzuri haichomwi haraka. Onyesha kipande unachotaka kingali kibichi na mpatane bei hapohapo. Omba mbavu: mafuta yake huzuia nyama kukauka motoni, ilhali paja likizidi dakika chache linakuwa gumu. Agiza na bukari (ugali) ya moto na sombe (kisamvu), ule kwa mkono.

Kama kuna mechi ya soka mtaa wa Kamalondo, nenda. Uwanja wa TP Mazembe unachukua watu 18,500 hivi, na kelele zake zinakaa kifuani. Nyeusi na nyeupe ni za Mazembe, bluu na njano ni za Lupopo, mahasimu wao wa mji huuhuu. Siku wanapokutana wawili hao, vaa rangi nyingine kabisa mpaka ujue umekaa na nani.

Zawadi ya huku ni malakite, jiwe la kijani. Liguse shavuni: la kweli ni zito na baridi, na mistari yake haifanani. Ni laini, linachubuliwa hata na mchanga, na ndimu au siki hulila, kwa hiyo lisuguliwe kwa kitambaa kikavu tu. Nunua lililochongwa tayari na udai risiti. Jiwe ghafi la madini litakuletea maswali uwanja wa ndege.