LSL (likizo ya utumishi mrefu) kwa mtumishi wa serikali huku Australia: namna ya kuihesabu, kuiomba na kutoipoteza

Hii ni kwa wenzangu tunaofanya kazi serikalini huku Australia, manesi wa hospitali za umma, walimu, wa magereza, wa maofisini, wa halmashauri za mitaa. Mimi niko upande wa mishahara na likizo kwenye serikali ya jimbo na kila mwaka watu wakishaanza kutafuta tiketi za Disemba simu ndo zinaanza, kaka nina miaka minane kazini, naweza kwenda nyumbani miezi mitatu na mshahara ukaendelea kuingia? Jibu inategemea, na hapa nataka tupitie inategemea nini, taratibu, mpaka mtu uweze kujihesabia mwenyewe bila kunisubiri mimi.

Kwanza ujue hii sio likizo ya mwaka. Ile ya mwaka kwa kawaida unapata wiki nne na inajulikana. Hii ni likizo ya utumishi mrefu, kwenye slipu ya mshahara inaandikwa LSL, na wengi wanaiona pale kila wiki mbili hawajui ni nini. Ilianza miaka ya 1860 huko Victoria na South Australia enzi za koloni, watumishi wengi walikuwa wametoka Uingereza, meli inakula miezi kwenda na kurudi, sasa likizo ya kawaida ingewafikisha wapi? Wakatengewa likizo ndefu wakawaone wazee wao warudi. Yaani tangu mwanzo ni likizo ya mtu aliyetoka mbali kwenda kwao, kwaiyo ukitaka kuitumia kwenda Kigoma au Bukavu au Lamu usiombe kwa unyonge kama unaomba msaada.

HATUA YA 1: Jua nani hasa ni mwajiri wako

Watu wanasema "nafanya kazi serikalini" wanaishia hapo, ila Australia ina serikali kuu na kila jimbo lina yake na kila moja ina sheria yake ya LSL. Jirani yako akikwambia yeye alichukua akiwa na miaka saba, muulize yuko wapi kabla hujaenda kumsumbua meneja wako.

Serikali kuu wanatumia sheria ya 1976, unapata miezi mitatu ukitimiza miaka 10 na kabla ya hiyo 10 huchukui hata siku moja. New South Wales ni siku 44 za kazi kwa miaka 10, afu baada ya hapo siku 11 kwa kila mwaka, lakini ukifika miaka 7 unaruhusiwa kuanza kuchukua kiasi ulichokusanya. Queensland wanahesabu wiki 1.3 kwa kila mwaka, inafika wiki 13 kwa miaka 10, nao mlango unafunguka miaka 7. Watumishi wa serikali ya Victoria ni miezi mitatu kwa miaka 10, na kuanzia 7 unaweza kuchukua sehemu yako. South Australia siku 90 za kalenda kwa miaka 10. Western Australia ndo wenye bahati, watumishi wengi wa maofisini kule wanapata wiki 13 kwa miaka 7 tu.

Hizo ni za watumishi wa kawaida. Manesi, walimu, polisi, zimamoto, wana mikataba yao na namba zinaweza kuwa tofauti kabisa na za mtu wa ofisini kwenye jimbo hilohilo. Tafuta mkataba wa kazi yako, fungua sehemu ya likizo, soma mwenyewe, ni kurasa mbili tatu. Na kama unaingia hospitali ya serikali lakini anayekulipa ni ejensi, mwajiri wako ni ejensi, hata kama una beji ya hospitali shingoni.

HATUA YA 2: Hakikisha miaka yako yote imeandikwa

Hapa ndo penye kazi na ndipo watu wetu wanapopoteza. Mtu ana miaka 11 akilini mwake, kwenye mfumo ana 6.

Angalia tarehe ya kuanza utumishi iliyo kwenye mfumo, sio ile ya kuanza cheo cha sasa, ni mbili tofauti. Wengi wetu tulianza kama vibarua wa kuitwa kwa shifti, afu mkataba wa miezi sita, afu mwingine, ndo tukaja kuajiriwa moja kwa moja, na mtu wa HR aliyekuingiza kwenye ajira ya kudumu huenda aliweka tarehe ya siku ile akaendelea na mambo yake. Ule muda wa nyuma mara nyingi unahesabika ilimradi hapakuwa na pengo kubwa katikati, ila lazima mtu auombe.

Afu kuna suala la majina ambalo HR wengi hata hawalifikirii. Sisi karatasi zetu unazijua, mtu aliingia nchini jina la ukoo likiwa mbele, kwenye kazi ya kwanza wakaandika hivyo, baadae akapata uraia akarekebisha, au dada kaolewa kabadilisha, na tarehe ya kuzaliwa nusu ya watu waliotoka kambini ni 1 Januari. Mfumo unaona watu wawili wenye namba mbili za ajira, na miaka minne ya kwanza inabaki kwa yule "mtu mwingine" ambaye ni wewe. Ukiona miaka yako haijakaa sawa muulize HR swali hili moja, je kuna namba nyingine ya ajira kwa majina haya, uandike majina yote uliyowahi kutumia, na uambatanishe karatasi ya kubadili jina.

Kama ulihama kutoka idara moja kwenda nyingine, au hospitali moja kwenda nyingine ndani ya jimbo, omba kule ulikotoka barua ya uthibitisho wa utumishi. Barua iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, masaa kwa wiki, likizo zozote za bila malipo, na LSL uliyochukua au uliyolipwa. Hicho cha mwisho ni muhimu manake ulicholipwa tayari hakihesabiwi tena. Mapengo kati ya kazi na kazi yana kipimo, serikali kuu wanavumilia hadi miezi 12, majimbo yana vipimo vyao, soma mkataba.

Likizo ya bila malipo kwa kawaida haikati utumishi wako ila ile ndefu nayo haiongezi. Uliyekaa nyumbani mwaka mzima na mtoto bila malipo, usishangae mwaka huo haumo kwenye hesabu.

HATUA YA 3: Piga hesabu mwenyewe

Chukua mfano wa dada yuko Queensland, kaanza 3 Februari 2017, leo tuseme ni 3 Februari 2026, miaka 9. Mara 1.3 ni wiki 11.7. Lakini katikati alichukua miezi 8 bila malipo na tuseme mkataba wake unasema haihesabiwi, inabaki miaka 8 na miezi minne, inakuja kama wiki 10.8. Sasa fungua slipu yako ulinganishe. Mara nyingi slipu inaandika kwa masaa, kwaiyo gawanya kwa masaa yako ya wiki ndo upate wiki. Tofauti ya masaa mawili matatu achana nayo, ikiwa ya wiki nzima rudi hatua ya 2.

Wa nusu siku, na wale waliowahi kuhama kutoka muda kamili kwenda nusu, hesabu yao inachanganya kidogo, wengine wanahesabiwa kwa masaa yaliyofanywa kweli na wengine wanapigiwa wastani wa miaka yote. Omba HR wakupe hesabu kwa maandishi, ni haki yako.

Kitu kizuri cha LSL, unalipwa kwa mshahara wa siku unayochukua, sio wa siku uliyoikusanya. Wiki ulizozikusanya ukiwa msafishaji zinalipwa kwa mshahara wa unesi kama sasa ni nesi. Kwaiyo kama kuna cheo kinakuja miezi michache mbele, fikiria kusubiri.

HATUA YA 4: Mshahara kamili au nusu

Sehemu nyingi wanakuruhusu kuchukua kwa nusu mshahara, muda unakuwa mara mbili. Yule dada wa wiki 10.8 anapata wiki 21.6, miezi mitano. Inavutia, lakini makato hayajui kama uko kwenye nusu. Kama una mpango wa kukatwa kabla ya kodi, ule wa hospitalini ambao wengi wanao, au gari la kukatwa kwenye mshahara, makato yanabaki palepale na mshahara ndo umekatwa katikati. Mtu anayepata dola 3,000 kwa wiki mbili anaingia 1,500, atoe gari 600, atoe kodi ya serikali, afu rehani ya nyumba inamsubiri benki. Nimeona watu wanakatisha likizo wanarudi kwa hili. Piga simu kwa kampuni ya makato KABLA, upunguze au usimamishe.

Na wa shifti sikilizeni, LSL mara nyingi inalipwa kwa mshahara wa msingi. Ile nyongeza ya usiku na wikendi uliyoizoea kwa kawaida haimo. Mtu wa naiti asipige bajeti kwa kuangalia slipu ya mwezi uliopita.

Kodi nayo ina ujanja halali. Mwaka wa kodi unaanza 1 Julai, nusu mshahara ikiangukia miezi ya mwisho ya mwaka mmoja na ya mwanzo ya mwingine unaweza kushusha kipato cha miaka yote miwili kidogo kidogo. Ila usipange safari nzima kwa ajili ya hili.

HATUA YA 5: Chagua tarehe kwa akili

Siku za sikukuu za umma, Queensland na New South Wales hazikatwi kwenye LSL yako, kwaiyo ukichukua kipindi cha Krismasi au Pasaka unarefusha bure. Serikali kuu wao wanahesabu siku za kalenda, wikendi ndani sikukuu ndani, hapo Krismasi haikusaidii chochote.

Kwa ambaye hajachukua uraia: sharti la makazi linataka usiwe umekaa nje zaidi ya siku 90 ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Wiki 13 ni siku 91. Rudi mapema kidogo au omba uraia kwanza. Na wenye posho ya watoto ya familia kutoka Centrelink (ofisi ya serikali ya posho), ukikaa nje zaidi ya wiki 6 inashuka, watoe taarifa na upange nayo.

HATUA YA 6: Omba, na subiri jibu la maandishi

Andika imeili fupi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi kazini, kamili au nusu, salio lako la LSL. Tuma miezi minne mpaka sita kabla, hasa kama unataka Disemba, manake rosta ya Disemba kila mtu anaigombania. Meneja anaweza kukataa tarehe kwa sababu ya kazi, hawezi kufuta haki yenyewe, kwaiyo akikataa mjibu kwa upole umuombe akupe tarehe anazoweza. "Sawa tutaona" ya kwenye korido sio ruhusa. Tiketi inunuliwe mfumo ukishaonyesha imekubaliwa.

HATUA YA 7: Ukiumwa ukiwa nyumbani

Malaria haiangalii likizo. Sehemu nyingi ukiumwa ukiwa LSL unaweza kurudishiwa siku zile zikawa za ugonjwa, New South Wales kwa mfano iwe angalau siku 5 za kazi mfululizo. Unahitaji cheti cha daktari chenye tarehe kutoka mpaka, jina la hospitali, muhuri, na kiwe kwa Kiingereza au ukitafsirishe. Cheti cha "alitibiwa na kuruhusiwa" bila tarehe za kupumzika hakitakusaidia. Piga picha utume hukohuko, usisubiri kurudi.

HATUA YA 8: Ukitaka kuacha kazi

Ruhusa ya kuchukua likizo kwa miaka 7 sio lazima iwe haki ya kulipwa ukiacha kazi kwa miaka 7, kuna sehemu ukijiuzulu mwenyewe bila sababu kama ugonjwa au dharura ya familia unasubiri 10. Soma kabla hujaandika barua. Na hata ukiwa na haki ya kulipwa, fikiria kuichukua kama likizo kwanza, kwa sababu ukiwa likizoni mwajiri anaendelea kuingiza supa yako (akiba ya uzeeni), asilimia 12 tangu 1 Julai 2025, lakini LSL unayolipwa kwa mkupuo siku ya kuondoka haina supa juu yake. Kwa wiki 13 hiyo ni hela.

Kama unahamia idara nyingine ya serikali, hata kutoka jimbo kwenda serikali kuu, waulize wale wapya kama watatambua miaka yako kabla hujakubali kulipwa na wa zamani. Na ile barua ya uthibitisho wa utumishi ichukue wakati bado unaweza kuingia kwenye mfumo, pamoja na slipu ya mwisho, manake siku ya mwisho saa kumi na moja jioni neno lako la siri linakufa na baada ya hapo unaanza kupiga simu kama mtu baki.